Giaboksi Iliyokosa Habari

Wateja wengi wanaoleta pikapu kuukuu za dizeli kwenye gereji yetu hapa Ohio huja na hukumu mkononi: giaboksi imekufa, ishushwe, iwekwe nyingine. Mimi huwaomba wasubiri nichomoe dipstiki na kunusa oili. Ikiwa bado nyekundu na hainuki kuungua, basi huenda ndani hakuna ubaya wowote. Ubaya uko nje, kwenye kile kinachotakiwa kuiarifu giaboksi kwamba injini sasa inavuta mzigo, au imepumzika. Ukiniuliza mimi, historia nzima ya gia za otomatiki kwenye pikapu za dizeli za Marekani ni historia ya taarifa hiyo moja.

Konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, ilizaliwa kwa ajili ya meli. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger aliisajili mwaka 1905 akiwa Stettin, akitafuta namna ya kuunganisha mtambo wa mvuke unaozunguka kasi na rafadha inayotaka kuzunguka polepole. Nguvu ikapita kwenye kimiminika badala ya chuma kugusana na chuma. Gari la kuuzwa kwa wingi lenye gia za otomatiki kamili lilikuja na Hydra-Matic ya General Motors, kwenye Oldsmobile za 1940, na vita vilipopamba moto giaboksi hiyo ikaingia kwenye vifaru vyepesi vya M5. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba otomatiki ni kitu laini cha mama wa mjini.

Ila zote hizo zilisukumwa na petroli, na hapo ndipo mkosi ulipoanzia.

Injini ya petroli ya zamani ilikuwa na kipepeo kwenye kabureta. Ukiachia mafuta kinajifunga, injini inanyonya kwa nguvu. Ukikanyaga kinafunguka na mnyonyo unapungua. Watengenezaji wengi wakachomeka mpira mdogo kutoka kwenye manifoldi hadi kwenye giaboksi, na mnyonyo huo ukawa ndiyo habari. Mnyonyo mdogo maana yake mzigo mkubwa: ongeza presha ya oili, bana sahani za klachi, chelewesha gia. Rahisi na bei nafuu.

Dizeli haina kipepeo. Inavuta hewa vilevile ukikanyaga au usikanyage. Kinachobadilika ni mafuta tu. General Motors walipotoa pikapu za dizeli ya lita 6.2 mwaka 1982, na Ford wakafuata na lita 6.9 ya International mwaka 1983, ilibidi wafunge pampu ya kutengeneza mnyonyo, kisha valvu kwenye injekta pampu ya kuupunguza kadiri mguu unavyoshuka. Yaani walitengeneza uongo mzuri ili giaboksi idhani iko nyuma ya injini ya petroli. Mpira ukipasuka upande mmoja gia zinachelewa na kupiga kishindo; valvu ikikaa vibaya upande mwingine, presha inashuka na sahani zinateleza mpaka ziungue. Wangapi waliuziwa giaboksi nzima kwa sababu ya kipande cha mpira, Mungu ndiye ajuaye.

Chrysler hawakutegemea mnyonyo. TorqueFlite yao, ya tangu 1956, ilitumia fimbo, na baadaye kebo, kutoka kwenye pedali ya mafuta. Pikapu ya Dodge yenye Cummins ya lita 5.9 ilipoingia sokoni kama modeli ya 1989, giaboksi ya otomatiki ilikuwa A727 ya gia tatu, iliyoanza kazi mwaka 1962 na kusifika nyuma ya Hemi V8. Hemi ilikuwa na nguvu kubwa ya kuzungusha kuliko Cummins hiyo, iliyotoa Newton-mita kama 540 na farasi 160 tu. Sasa mbona A727 ilisumbuka?

Jibu liko kwenye pampu ya oili ya giaboksi, inayozungushwa na injini yenyewe. Hemi ilitoa nguvu yake kuu kwenye mizunguko kama 4,000 kwa dakika, wakati pampu imeshachangamka. Cummins inatoa yake chini ya 2,000. Klachi zinatakiwa kushika mzigo wote ilhali oili ndiyo kwanza inakuja. Ongeza konveta isiyojifunga, inayoteleza muda wote wa kuvuta trela, na joto ndilo linalomaliza kazi. Gia ya nne ilifika katikati ya modeli ya 1991, na konveta ya kujifunga mwaka 1994.

Giaboksi hizo za Dodge za miaka ya tisini zina tabia ambayo bado inanilipia kodi ya nyumba. Ukiziweka kwenye P, oili haizunguki kwenye konveta. Gari likilala siku kadhaa konveta inajimwaga, asubuhi unatia D, halisogei, unapiga simu ya kilio. Wazee wa kazi hii walinifundisha: vuta handbreki, washa, weka N, subiri kidogo. Na oili yake inapimwa kwenye N, injini ikiwa inaunguruma na moto. Anayepima kwenye P anasoma uongo.

Mwaka 1989 Ford walileta E4OD, gia nne zinazoendeshwa kwa umeme, nyuma ya dizeli isiyokuwa na kompyuta. Habari ikaanza kupita kwenye waya. Pembeni ya injekta pampu kuna sensa inayosoma mkao wa mkono wa mafuta. Naunganisha mita, nausogeza mkono huo taratibu, naangalia volti. Zinatakiwa kupanda bila kuruka. Zikiruka mahali pamoja, hapo ndipo mguu wa dereva umekaa miaka yote barabarani, na hapo ndipo gia zinapochanganyikiwa. Sensa yatosha, giaboksi iache ilipo.

Nyumbani Tanga pikapu nilizozikuta zilikuwa za mkono, nami otomatiki nimeijulia huku. Mpwa wangu ana gereji Gerezani, Dar, na Prado za dizeli zilizotumika Japani ndizo zinazompa riziki.

"Shikamoo mjomba. Prado inachelewesha gia, mwenye gari anataka kununua giaboksi."

"Marahaba. Kebo ya mafuta umeitazama?"

Kimya. Kisha: "Imelegea, mjomba."

Mwaka 2001 ndipo mambo yalipokaa sawa kwenye pikapu kubwa za Marekani, General Motors walipofunga Allison ya gia tano nyuma ya Duramax ya lita 6.6. Allison wa Indianapolis walikuwa wajuzi wa mabasi na malori. Tena injini ilikuwa ya kompyuta: giaboksi ikitaka kubadilisha, injini inapunguza nguvu kwa kitambo kidogo ili klachi zishike bila kuumia. Ford walileta yao ya gia tano mwaka 2003. Dodge waliendelea na ukoo wa TorqueFlite, na kebo yake, hadi ndani ya karne hii.

Mwaka 2013 Ram 3500, mrithi wa pikapu hizo za Dodge, yenye Cummins ikapewa, kwa anayetaka kulipa zaidi, giaboksi ya Aisin ya Japani. Ni ukoo uleule wa giaboksi za Prado: Aisin-Warner iliundwa mwaka 1969 kwa ubia na Borg-Warner wa Marekani, kwa hiyo ujuzi ulivuka bahari ukarudi. Ya kwanza ilipoingia gereji kwetu, mimi ndiye niliyepiga simu Gerezani.