Hoteli Mille Collines ya Kigali: namna watu 1.268 waliokoka mwaka wa 1994

Hôtel des Mille Collines iko katikati ya Kigali, muji mukuu wa Rwanda, masaa machache kwa gari kutoka Goma. Kwa miaka mingi ilikuwa hoteli ya wakubwa na ya wageni. Leo inajulikana dunia nzima sababu ya yale yaliyopita pale mwaka wa 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu 1.268 walikimbilia ndani yake, na karibu wote walitoka wazima. Wengi wanajua hii habari kupitia filamu tu. Historia yenyewe ni pana zaidi.

Hoteli ya Sabena

Ilifunguliwa mwaka wa 1973. Mwenye mali alikuwa Sabena, kampuni ya ndege ya Ubelgiji. Ilikuwa na etaje tano, vyumba 112, bustani na pisine. Jina lake linatokana na sifa ya Rwanda, inchi ya vilima elfu moja. Jioni, wafanyabiashara, wanadiplomasia, wakubwa wa jeshi na wazungu wa mashirika walikuwa wanakutana pale kunywa na kuzungumza.

Mwaka wa 1993 kulizaliwa redio yenye jina karibu sawa: RTLM, Radio Télévision Libre des Mille Collines. Hoteli na ile redio havikuwa kitu kimoja. Lakini redio ndiyo ilikuja kutaja watu wa kuuawa, na hoteli ikawa kimbilio la wengine kati yao.

Maji ya pisine na laini moja ya simu

Tarehe 6/4/1994, ndege ya raisi Juvénal Habyarimana iliangushwa. Kesho yake waziri wa kwanza Agathe Uwilingiyimana aliuawa, pamoja na askari 10 wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, MINUAR. Barieri zikajaa muji muzima. Wageni wazungu waliokuwa hotelini walisafirishwa, wenyeji wakabaki. Paul Rusesabagina, aliyekuwa anasimamia hoteli nyingine ya Sabena mule Kigali, alikuja kuongoza Mille Collines.

Maji yalikatwa. Watu wakachota maji ya pisine, ya kunywa na ya kupika. Simu nazo zilikatwa, lakini laini moja ya faksi iliendelea kufanya kazi. Kwa laini ile, wakimbizi waliita Brussels, Paris na kwingine usiku na mchana. Mwezi wa 4 ukikaribia kuisha, jeshi lilitoa amri wote watoke hotelini. Simu zikapigwa mpaka Ulaya, na ile amri ikaondolewa.

Tarehe 3/5, MINUAR ilijaribu kupeleka kundi la wakimbizi uwanja wa ndege. RTLM ikasoma majina yao hewani. Malori yalisimamishwa njiani, watu wakapigwa, wakarudishwa hotelini. Kutoka mwisho wa mwezi wa 5, kwa mapatano kati ya pande mbili zilizokuwa zinapigana, wakimbizi walianza kuondolewa kwa makundi.

Ni nini kiliwalinda?

Si kuta. Tarehe 11/4, kwenye shule ya ETO ya Kicukiro, palepale Kigali, askari wa Ubelgiji waliondoka na kuacha watu karibu 2.000. Wengi wao waliuawa siku ile ile. ETO nayo ilikuwa na kuta.

Mille Collines ilikuwa na bendera ya kampuni ya Ulaya, laini ya simu, na askari wachache wa MINUAR kwenye mulango. Wauaji walijua kwamba kuna macho yanaangalia. Kati ya wale askari alikuwa Kapiteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi asiyebeba silaha. Aliwaficha watoto wa waziri wa kwanza, akapitisha watu wengi kwenye barieri, wachache wachache ndani ya gari lake. Bomu lilimuua tarehe 31/5. Leo Umoja wa Mataifa una medali ya ushujaa yenye jina lake.

Filamu na mabishano

Filamu Hotel Rwanda, iliyotoka mwaka wa 2004 na kupigwa sehemu kubwa Afrika Kusini, ilimuonyesha Rusesabagina kama ndiye aliyeokoa wote. Wengine waliookoka pale wanamushukuru mpaka leo. Wengine wanasema alidai pesa za chumba na chakula kwa watu waliokimbia kifo, na kwamba sifa ni za MINUAR. Yeye anakana. Mwaka wa 2021, tribinali ya Kigali ilimuhukumu miaka 25 kwa mashtaka ya ugaidi. Aliachiliwa mwezi wa 3 mwaka wa 2023.

Sabena yenyewe ilifilisika mwaka wa 2001, na hoteli ikapata wenye mali wengine. Ilirekebishwa, na wageni wanaogelea tena kwenye pisine ile ile.

Kwa sisi tulioona mwezi wa 7 wa 1994 watu kwa malaki wakivuka mupaka kuingia Goma, historia ya hii hoteli inaonyesha jambo moja. Mahali pa kukimbilia panalinda watu kama kuna mwenye kubaki nao, na kama sauti yao inaweza kufika inje. Pale ETO, vyote viwili vilikosekana.