Mshale Uliogota Goiânia

Asubuhi ya Septemba 29, 1987, mwanafizikia Walter Mendes Ferreira aliazima kifaa katika ofisi ya shirika la nyuklia la Nuclebrás mjini Goiânia, Brazili. Kilikuwa kifaa cha wanajiolojia, cha kutafutia urani miambani. Alikiwasha akiwa bado mbali na ofisi ya afya alikokuwa akienda, na papo hapo mshale ukaruka hadi mwisho ukagota. Akakigeuzia huku na kule, mshale haukurudi. Akaamua kuwa kimeharibika, akarudi kuazima kingine. Nacho kikasema vilevile.

Aliwahi kwa bahati. Askari wa zimamoto walikuwa karibu kuubeba mzigo uliokuwa katika ofisi hiyo ya afya wakautose mtoni.

Mzigo huo ulikuwa umefikishwa kwa basi siku moja kabla na mke wa mnunuzi wa chuma chakavu. Watu wa nyumbani kwake walikuwa wakiugua mmoja baada ya mwingine, naye akashuku kile chuma walichonunua. Kwa kweli, kabla ya mashine yoyote, mwanamke huyo ndiye aliyegundua. Chuma chenyewe kilitoka kwenye mashine ya kutibu saratani, iliyoachwa katika kliniki iliyohamwa. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya sesiamu-137 inayong'aa buluu gizani. Watu waligawiana punje zake, wengine wakajipaka mwilini. Wanne walifariki, mwanamke huyo akiwemo.

Chumvi hiyo huyeyuka majini na kunata popote, hivyo ilisafiri kwa viganja, viatu na maji ya mvua. Kuisaka kulihitaji ufundi ulioanza zamani: mwaka 1908 Hans Geiger, akiwa Manchester na mwanafizikia Rutherford, alitengeneza kifaa cha kuhesabu chembe za mionzi, na mwaka 1928 akakiboresha pamoja na Walther Müller. Ila kumpima mtu ngozini ni kazi ya mkono kuliko ya mashine. Mpimaji hushika kifaa karibu sana na mwili bila kuugusa, maana akiugusa kifaa chenyewe huchafuka, kisha hukisogeza polepole kutoka nywele hadi nyayo. Akiharakisha, doa dogo humpita. Na kabla ya yote hupima hewa tupu, kwa sababu mionzi hafifu ya asili ipo kila mahali.

Watu wapatao 112,000 walipimwa, wengi wao katika Uwanja wa Olimpiki wa Goiânia. Waliokutwa na uchafu wa mionzi ni 249, na kati yao 120 walikuwa nao kwenye nguo na viatu tu. Benki nazo zilipimiwa noti zaidi ya milioni 10. Zilizochafuka zilikuwa 68.

Hapo kutoamini kukageuka upande wa pili. Mwanzoni kifaa kilisema pana hatari, kikadhaniwa kibovu. Sasa kilisema huyu ni safi, na hoteli za miji mingine zikawafungia milango watu wa Goiânia. Serikali ikaanza kutoa vyeti rasmi vya kuthibitisha kuwa mwenye cheti amepimwa na hana kitu.

Wataalamu nao walijifunza jambo la kawaida kabisa: kifaa cha maabara, kikipelekwa nje kwenye joto na mvua, lazima kistahimili unyevu na mikiki ya safari.