Mahali pa Kukimbilia

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupanga safari za ndege zivukazo Bahari ya Atlantiki, kutoka Marekani kwenda Ulaya. Huenda msomaji akadhani kwamba rubani ndiye mwenye neno la mwisho peke yake. Sivyo. Kwa sheria ya Marekani, rubani na mpangaji hubeba dhamana moja. Ndege ya abiria haiondoki mpaka wote wawili wakubaliane kwamba safari ni salama.

Mwaka 1919, John Alcock na Arthur Brown waliruka kutoka Newfoundland hadi Ireland bila kutua, kwa muda wa saa 16 hivi. Chini yao palikuwa na maji matupu. Yaliyofuata, kwa maoni yangu, ni historia ya kutafuta mahali pa kukimbilia.

Kwa muda mrefu ndege za injini mbili zilikatazwa kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka kiwanja cha kutua, mwendo huo ukihesabiwa kwa injini moja. Mwaka 1985 Marekani ilianza kulegeza sharti hilo, na kufikia mwaka 1988 iliruhusu dakika 180. Hapo ndipo viwanja vya Gander, Shannon, Keflavik na Lajes vilipozidi kuwa na maana kwetu: lazima viwe wazi, hata kama hakuna atakayetua.

Usiku mmoja rubani aliniomba mafuta zaidi. Nikabisha, kwa kuwa uzito ni gharama, kisha nikakubali shingo upande. Ndege ilipokwisha kuondoka, kabla haijafika katikati ya bahari, ikaja taarifa kwamba theluji na upepo vimeifunga Keflavik, kimbilio nililolichagua mimi. Ilinibidi nimpangie rubani njia nyingine ya kusini, upande wa Lajes katika visiwa vya Azores. Njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi, na mafuta niliyoyabishia ndiyo yaliyoiwezesha.

Injini zote mbili zilinguruma hadi asubuhi. Abiria walishuka wakilalamikia kuchelewa, wala hawakujua jambo lolote. Mimi nilirudi nyumbani kimya. Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, lakini usiku ule nusura niiuze kwa bei ya mafuta.