Sera za miji kuhusu magari yanayojiendesha

Sera za miji kuhusu magari yanayojiendesha ni taratibu zinazowekwa na mamlaka za miji ili magari yanayoongozwa na kompyuta badala ya dereva yatumie barabara bila kuwadhuru wala kuwabana watumiaji wengine. Hugusa hasa nafasi ya barabara, maegesho, usalama na ajira.

Nchini Marekani kampuni ya Waymo ilifungua huduma ya teksi zisizo na dereva kwa umma huko Phoenix mwaka 2020. Hadi mwaka 2024 Tanzania haikuwa na huduma kama hiyo, lakini jiji la Dar es Salaam limekwisha kukutana na maswali yanayofanana nayo.

Mgawanyo wa mamlaka

Mwaka 2023 viongozi wa San Francisco walilalamika kwamba teksi hizo zilizuia magari ya zimamoto, lakini vibali vilitolewa na jimbo la California, si jiji. Dar es Salaam nayo haishiki mamlaka yote. Leseni na nauli za usafiri wa abiria husimamiwa na LATRA, iliyoundwa mwaka 2019. Barabara nyingi za mijini ziko chini ya TARURA, na sheria za barabarani husimamiwa na polisi. Halmashauri ya Jiji, ambayo tangu 2021 inashika eneo la Ilala pamoja na Kariakoo, hubaki na masoko, sheria ndogo na mipango miji.

Nafasi ya barabara

Uamuzi mkubwa wa jiji kuhusu nafasi ya barabara ni njia za mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Awamu ya kwanza, yenye urefu wa takriban km 21, inatoka Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani, Kariakoo. Njia hizo huwapa kipaumbele abiria wengi wa basi moja kuliko gari dogo lenye mtu mmoja. Magari yanayojiendesha yakiruhusiwa kuingia humo, faida hiyo itapotea.

Kariakoo ni mtihani mgumu zaidi. Waenda kwa miguu, mikokoteni, maguta, bodaboda, bajaji na malori yanayoshusha mizigo hutumia mitaa ileile, na mara nyingi hupishana kwa ishara ya mkono au kwa kutazamana. Gari lililopangwa kusimama kila kizuizi kinapotokea linaweza kukwama hapo kutwa. Hatari ni kwamba watu ndio wataondolewa ili kulipisha gari. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu. Kwa hiyo suala la nani ana haki ya mtaa si geni.

Maegesho

Gari lisilo na dereva linaweza kuzunguka likiwa tupu ili kukwepa ushuru wa maegesho, na hivyo kuongeza foleni. Njia moja ya kuzuia hilo ni kutoza safari tupu na kutenga sehemu maalumu za kushusha abiria na mizigo.

Sheria na ajira

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humwajibisha dereva. Bila dereva, sheria italazimika kutaja anayewajibika ajali ikitokea: mmiliki, mwendeshaji wa huduma au mtengenezaji.

Kuhusu kipato, mwaka 2022 LATRA iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni wanayokatwa madereva wa teksi za mtandaoni. Uber ilisitisha huduma, kisha ikarudi mwaka 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Mvutano huo ulihusu mgawo wa dereva. Gari linalojiendesha huondoa mgawo huo wote, na pamoja nao riziki ya madereva na makondakta wa daladala.