Riadha ya Vijana Uasin Gishu: Pesa Humfuata Aliyekwisha Kushinda

Sugoi si mbali na Uwanja wa Kipchoge Keino mjini Eldoret, lakini mtoto anayefanya mazoezi kando ya mashamba ya mahindi ya huko huweza kukimbia miaka mingi kabla pesa za riadha hazijamfikia. Historia ya mchezo huu nchini inaonyesha kuwa ufadhili umezoea kumngoja mwanariadha hadi aive. Anapokuwa bado mbichi, mzigo wa kumlea hubebwa na watu wengine.

Mfumo wetu haukujengwa juu ya vilabu. Serikali ya kikoloni ilimteua Archie Evans kuwa afisa wa michezo wa koloni mwaka 1949, na chama cha kitaifa cha riadha kikaundwa 1951. Mashindano yalipanda kutoka wilaya hadi mkoa hadi taifa, na kufikia 1956 Kenya ilikuwa na wanariadha kwenye Olimpiki ya Melbourne. Ngazi hiyo ilijua kuchuja, kulea haikujua. Kulea kuliachiwa shule, kisha jeshi, polisi na magereza yakawaajiri waliokwisha kung'aa. Ndiyo maana hadithi ya Iten inanigusa sana. Bradha Colm O'Connell alifika Shule ya St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila ujuzi wowote wa ukocha, na mwaka 1989 akaanzisha kambi ya vijana wakati wa likizo. Baadaye David Rudisha alipitia mikononi mwake. Miaka ya 1990 daktari Mwitaliano, Gabriele Rosa, alileta kambi na mbio za nyika za Discovery Kenya mjini Eldoret kwa udhamini wa kampuni ya Fila. Watu hawa walitenda mema makubwa, ila wema wa mmisionari au wa meneja hauna bajeti ya mwaka ujao.

Chama cha kitaifa, kwa upande wake, kilikuwa na mkataba na Nike. Novemba 2015 wanariadha waliivamia Riadha House, makao ya chama hicho jijini Nairobi, wakidai maelezo, na mwezi huo huo tume ya maadili ya shirikisho la riadha la kimataifa ikawasimamisha kazi maafisa watatu wa chama ili wachunguzwe, tuhuma mojawapo ikihusu pesa za Nike. Ikilinganishwa na mkataba kama huo, klabu ya vijana kijijini haihitaji fungu la ajabu: saa ya kupimia muda, jozi chache za viatu vya spaiki ambazo watoto wataazimana, nauli ya matatu hadi Eldoret na chakula cha mchana siku ya mashindano.

Wapo watakaosema tumeshinda bila hayo, na kweli wanaume wa Kenya walitwaa taji la timu katika mbio za nyika za dunia mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Lakini medali humhesabu aliyefika, si yule aliyeishia njiani kwa kukosa nauli. Wengine wanahofia kwamba pesa zikishuka mashinani zitaliwa. Naiheshimu hofu hiyo, ila tuhuma za 2015 ziliwalenga waliokuwa juu. Kiasi kidogo kilichobandikwa kwenye ubao wa shule ni rahisi kukikagua, kwa kuwa mzazi anajua kama mwanawe alisafiri au hakusafiri. Sheria ya Michezo ya 2013 nayo inataka vilabu visajiliwe, kwa hiyo orodha ya kuanzia ipo. Ama hoja kwamba Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la michezo, hiyo ni nusu ya jibu: kaunti inaweza kusawazisha uwanja, lakini kalenda ya mashindano na uteuzi wa timu ya taifa viko mikononi mwa Chama cha Riadha Kenya.

Basi chama hicho kitenge sehemu maalumu ya mapato ya udhamini kwa vilabu vya vijana vilivyosajiliwa, na Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii iongeze ya kwake. Na kabla msimu ujao wa mbio za nyika haujaanza, kichapishe jina la kila klabu na shilingi iliyopewa, ili mzazi wa Sugoi aweze kuuliza.