Uma wa samadi

Uma wa samadi ni zana ya mkono yenye mpini mrefu na meno ya chuma, inayotumika kuondoa samadi zizini au bandani. Mkoani Songwe, farasi, ambao mabanda yao pia husafishwa kwa uma huu, ni nadra. Kwa hiyo kazi kubwa ya uma huu iko kwenye mazizi ya ng'ombe, wakiwamo maksai wa kulimia, na samadi hupelekwa kwenye mahindi na kahawa, hasa Mbozi.

Kinachoamua uchaguzi wa uma ni kilichotandikwa chini. Samadi iliyochanganyika na nyasi au mabua ya mahindi huinuliwa vizuri na meno 4 hadi 6, membamba, yaliyopinda kidogo na kuchongoka. Uma wa kulimia, wenye meno mapana na mazito, ni hodari wa kubandua tabaka lililoshindiliwa na kwato, lakini kuubebea samadi ni kujichosha bure. Penye maranda, kama kwenye mabanda mengi ya farasi, yanahitajika meno mengi yaliyokaribiana ili kinyesi kibaki juu na maranda yapukutike. Samadi ya majimaji wakati wa mvua huachiwa beleshi.

Mpini ufike kifuani mwa mtumiaji. Ulio mfupi humwinamisha na kumuumiza kiuno, jambo linalostahili kuangaliwa kabla hata ya bei.