Ukienda Benin, Anzia Majini

Kwanza tumalize hii stori ya jina. Benin ninayoizungumzia si ile ya sanamu za shaba zilizoporwa na Waingereza mwaka 1897. Sanamu hizo zilitoka Benin City, na Benin City iko Nigeria. Hii nyingine imebanwa kati ya Togo na Nigeria, na iliitwa Dahomey mpaka 1975, rais Mathieu Kérékou alipoibadilisha jina. Dahomey ulikuwa ufalme mmoja tu wa kusini, na nchini wamo watu ambao mababu zao waliwindwa na ufalme huo.

Mgeni atapelekwa Abomey kuona majumba ya wafalme, na ni sawa aende. Huko ndiko walikokuwa wale wanajeshi wanawake tuliowaona kwenye filamu ya The Woman King. Hazina za majumba hayo zilibebwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1892, na vitu 26 vikarudishwa mwaka 2021. Mimi pia nilishangilia.

Lakini ukweli usemwe: fahari ile ilijengwa pia kwa kuuza watu. Mwaka 1727 Dahomey iliteka Ouidah, mji wa pwani, na kwa zaidi ya karne moja ikawauzia Wazungu mateka hapo. Meli ya Clotilda iliwachukua zaidi ya watu 100 kutoka Ouidah hadi Alabama mwaka 1860, wakati Marekani ilikuwa imeshapiga marufuku kuingiza watumwa tangu 1808.

Ndiyo maana nasema anzia Ganvié, karibu na Cotonou. Hapo nyumba zimesimama juu ya nguzo ndani ya Ziwa Nokoué, na sokoni watu huuziana wakiwa kwenye mitumbwi. Matangazo ya utalii huita kijiji hicho Venice ya Afrika. Jina tamu, ila linaficha mengi. Watofinu hawakuhamia majini kufuata mandhari. Walikuwa wanakimbia wakamata watumwa, na simulizi husema dini ya askari wa Dahomey iliwakataza kushambulia watu walio juu ya maji.

Wafalme wana majumba ya kuwakumbuka. Waliokimbia wana kijiji, na watu bado wanaishi humo. Kaa nao kwanza, halafu uende Abomey ukijua fahari ile ililipiwa na nani.